Ragnhild Kvalvåg na Ukurasa Uliochanwa

Baada ya kutunza kompyuta za gazeti letu la Ytterposten kwa miaka thelathini na moja, Ragnhild Kvalvåg anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni. Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi, Oddgeir, dereva wenu, niliyekunywa kahawa katika bandari ishirini na tatu. Shule sikuimaliza, lakini dunia nimeimaliza.

Ragnhild alikuta hapa kompyuta mbili, moja mbovu. Nyaya zote alizivuta mwenyewe, kwa bisibisi ileile anayofungulia kopo la kahawa hadi leo.

Kazi yake kubwa ilikuja pale mfanyakazi wa vizimba vya samaki alipotaka kutuletea picha za samoni waliokufa na kuzikwa kimyakimya. Mji wetu una mwajiri mmoja. Jina likijulikana, mtu huyo hana kazi, na nyumba hana pia, maana ni ya kampuni. Tukahitaji VPN, ile njia iliyofichwa ya mtandaoni, ili asionekane anaongea na nani.

Nilipendekeza ya bure, ninayotazamia mpira.

“Kwa hiyo wanaendesha mitambo yote hiyo kwa kukupenda wewe tu?” akaniuliza.

Mhariri wetu, Halvard, akaleta nyingine yenye tangazo kubwa: hatuhifadhi chochote. Ragnhild akasoma masharti yote. Ukurasa wa kumi na nne ulisema saa ya kuingia na anwani ya kompyuta huwekwa siku tisini.

“Hilo ni daftari la kibanda cha mlimani, Halvard. Kila apitaye anaacha jina.”

Akachagua ya kulipia, iliyokaguliwa na watu wa nje, ambayo hata jina letu haikuuliza. Kisha akaikata makusudi mara sita, aone kama kompyuta itanyamaza au itaendelea kuropoka nje ya njia. Ilinyamaza.

Aliyeharibu ni mimi. Nilimpeleka mwandishi wetu akutane na yule mfanyakazi kibandani mlimani, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikajaza daftari la wageni: majina yetu watatu, tarehe, hali ya theluji, na “mazungumzo mazuri kuhusu samoni.”

Niliporudi nikajisifu jinsi siri ilivyokwenda. Ragnhild akauliza jambo moja tu: “Daftarini uliandika?”

Akavaa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, akapanda hadi kibandani. Saa nne kwenda, nne kurudi, na goti lile bovu. Kwetu hakuna anayechana daftari la kibanda. Yeye aliuchana ukurasa ule, akanirudishia. “Bwege wewe, Oddgeir. Haya, kunywa kahawa.” Halvard hakuambiwa. Anasoma hapa leo.

Wiki iliyofuata tulichapisha picha, na wanasheria wa kampuni wakadai kumbukumbu kwa wenye VPN. Wakajibiwa hakuna kilichowahi kuwekwa. Wakapanda hadi kibandani kulisoma daftari, wakaambulia habari za theluji za watu wengine.

Ijumaa kitabu cha kumuaga kitakuwa mezani, karibu na keki. Andikeni majina, safari hii ruhusa. Ukurasa wa mwisho uacheni mtupu: ni wa mtu ambaye hadi leo anakwenda vizimbani kila asubuhi, na amenipa salamu zake kwa Ragnhild.

Asante sana, Ragnhild. Goti lipone, theluji iwe laini, na siku zako zote zijazo ziwe njema, bila mtu wa kuziandika.