Maisha ya Mwalimu Jua na Siku Jua Lilipopatwa

Ndugu waombolezaji, kamati ya mazishi imeishauri familia isome historia hii kwa kifupi, kwa sababu jua ni kali na wageni wengine wana safari, tumeushukuru ushauri huo, lakini tunaomba mtuvumilie kidogo, maana yapo mambo ambayo yamefupishwa vya kutosha. Anayesoma ni mdogo wa mwisho wa marehemu.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Jua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto. Tangu akiwa mdogo alikuwa mtoto wa maswali, hata mama akawa anasema kwamba huyu amemeza redio. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na mwezi Novemba 1982 alihitimu chuo cha ualimu akiwa wa kwanza katika sayansi, ingawa baba alitaka awe karani wa benki, na alinuna mpaka siku aliyoletewa cheti akakishika kwa mikono yake.

Tarehe 10 Januari 1983 aliajiriwa katika shule ya kati, akapewa watoto wa miaka kumi na mbili hadi kumi na minne, wale ambao hawasikii la mwadhini wala la mnadi sala, awafundishe habari za jua, nyota na mwanga. Aliomba stoo ya majembe iliyokuwa imebanana na ofisi ya walimu, akaipaka rangi nyeusi, akaziba dirisha lake dogo kwa mbao, kisha akatoboa tundu moja lisilozidi punje ya mchele. Watoto waliingia humo wakiwa wanasukumana na kuchekana, mlango ulipofungwa wakanyamaza wenyewe, kwa sababu ukutani waliuona uwanja wote wa shule umepinduka, mlingoti juu chini, na mpishi anatembea kichwa chini na sufuria lake na uji haumwagiki. Hapo ndipo walipoelewa kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na hakuna aliyehitaji kukariri. Aliyelalamika kwamba kipindi ni kirefu alikumbushwa kwamba mwanga wa nyota fulani ulianza safari kabla bibi yake hajazaliwa na bado uko njiani, haujaulizia kengele.

Fundi seremala aliyeitwa kuziba dirisha hilo aliambiwa mbao zinavujisha mwanga, akarudi, akaambiwa bado zinavujisha, akarudi tena, na mpaka leo shemeji yetu haelewi kama mbao zilikuwa mbovu kweli au alikuwa anatafutwa yeye. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Sasa tunafika pale ambapo tuliambiwa turuke, na hatutaruka.

Mwezi Januari 2006 alikuja mkaguzi, akakuta somo la mwanga linafundishwa gizani, akacheka, na mwalimu mkuu akaona aibu. Badala ya kumwuliza mwenye somo, mwalimu mkuu aliita waashi, wakabomoa ukuta wa stoo ile na kuweka dirisha kubwa la vioo, zikafungwa na taa ndefu darini, mlangoni pakabandikwa kibao kwamba hii ni maabara ya mwanga, na mgeni rasmi akakata utepe. Dada yetu aliwekwa mstari wa mbele apige makofi, naye alipiga. Ilikuwa imebaki miezi miwili jua lipatwe, na kwa miaka mingi alikuwa amewaahidi watoto kwamba siku hiyo watasimama ndani ya chumba kile na kuliangalia jua likimegwa, likiwa limetua ukutani, wao wameligeuzia mgongo, macho yao salama. Alimfuata mwalimu mkuu ofisini akamwomba mbao zirudishwe kwa siku moja tu, akajibiwa kwamba shule si ukumbi wa sinema. Aliomba basi wafanye nje, kwa maboksi yenye tundu, akajibiwa kwamba watoto watafungiwa madarasani na mapazia yatashushwa.

Jumatano ya tarehe 29 Machi 2006 ndivyo ilivyofanyika. Dada yetu alipangiwa kulinda darasa la wadogo, mlango umefungwa. Katika darasa jingine, chini ya mwalimu mwingine, binti mmoja aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akasimama nyuma ya choo na kulikodolea macho jua kupitia kipande cha filamu ya eksirei, kwa sababu mwenzake alimwambia kwamba inazuia. Haikuzuia. Jicho lake la kulia limebaki na doa katikati mpaka leo, na binti huyo, ambaye sasa ni mama wa watoto, amekaa nasi hapa, na ndiye aliyetuambia tusome yote.

Katika mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alisimama akasema kwamba mwalimu wa sayansi ndiye aliyewatoa watoto nje. Jamani, mtu alikuwa amefungiwa na watoto wadogo! Dada yetu aliinua mkono, akaambiwa muda umekwisha. Walimu wenzake walijua ukweli, wakaangalia viatu vyao. Alisimamishwa kazi, aliporudishwa alinyimwa sayansi, akapewa kufundisha mwandiko na kugawa vitabu, na akafanya hivyo mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2021. Sokoni watu walivuta watoto wao akipita. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni mpaka shemeji aje kuwasha taa. Yeye hakutaka fidia, alitaka tu mtu yule aseme mbele za watu kwamba si yeye.

Aliugua saratani ya ini kuanzia Septemba 2023. Mwezi Julai mwaka huu, 2024, mwalimu mkuu, naye sasa mstaafu, alikwenda kumwona wodini akiwa na mfuko wa machungwa, akamwambia yaliyopita si ndwele. Dada yetu, kwa sauti iliyokuwa imebaki, alimwomba sentensi moja tu mbele za watu. Mwalimu mkuu alijibu kwamba angependa, ila ameshastaafu, hana tena jukwaa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, ambao hawakumficha kitu. Tunawashukuru majirani, na zaidi mama mzazi wa yule binti, aliyekuja kuomba radhi kwa machozi na baada ya hapo akafua mashuka ya mgonjwa mpaka mwisho. Walimu wenzake tunawashukuru kwa shada la maua, ni zuri, na lingependeza zaidi mwaka 2006.

Mwalimu mkuu mstaafu, tumekuona, umekaa safu ya pili. Katika ratiba umeandikwa kutoa salamu za rambirambi baada ya historia hii, wapo waliotaka jina lako lifutwe, familia imekataa. Jukwaa ndilo hili, kipaza sauti kinafanya kazi, na wazazi wa wakati ule karibu wote wapo. Tunakukabidhi.

Nawe dada yetu, lala kwa amani, hata kama hatasema.