Mkato Ulioniandika Marehemu

Shikamooni wazee, na ninyi wengine poleni na safari. Katibu wa kikundi chetu cha wagonjwa amenibana pale mlangoni: "Mama Desi, shukuru tu, usitaje mtu." Nikamwitikia. Lakini ndugu zangu, mkono huu wa kushoto mnauona, vidole vimegandana. Aliyenifikisha hapa ana jina. Anaitwa Gaudensi. Basi, nimeshataja.

Kifafa ninacho tangu usichana. Miaka sita nilimeza vidonge na sikuanguka hata mara moja. Nililima, nilipika, nilibeba mjukuu mgongoni. Kila mwezi nashuka kutoka Kingerikiti mpaka kliniki, jina linasomwa, napewa pakiti, narudi shambani.

Mwaka jana kliniki ikabadilisha mfumo wa kompyuta. Majina yetu yalikuwa kwenye jedwali: jina, mahali unapokaa, hali yako, dawa yako. Gaudensi, mtu wa takwimu, akayatoa kwenye mfumo wa zamani yakawa faili moja la maandishi matupu, akayaingiza kwenye mpya. Mwezi uliofuata nikafika dirishani kwa Gaudensi.

"Mama, kwenye walio hai hupo."

"Nipo wapi?"

"Kwa waliofariki."

Benchi zima likacheka. Mmoja akaniuliza, "Mama Desi, huko ulikotoka wanakula nini?" Na mimi nikacheka. Mjinga mimi.

Gaudensi hakuinua hata uso. "Mfumo ndivyo unavyosema. Leta barua ya mtendaji kwamba uko hai." Mtendaji wa kijiji akakuna kichwa: "Za vifo fomu ninazo. Ya uhai nianzie wapi?" Akaandika hivyo hivyo. Gaudensi akaitupia kwenye droo. Mwezi wa pili, marehemu. Mwezi wa tatu, marehemu. Nesi mkuu, Skolastika, tuliyebatizwa naye siku moja, kabati la dawa liko mgongoni kwake, akasema, "Bila jina nitaulizwa, dada." Naye nimemtaja.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nasonga ugali, mchana kweupe. Ninachokumbuka ni mwiko. Nilipozinduka mkwe wangu alikuwa analia, na ile harufu… hapana, kuna watoto humu.

Nikalazwa. Wodini akaja karani mgeni, binti anaitwa Editha, kuniandikisha. "Unakaa wapi, mama?" Nikamjibu kama tunavyojibu sote wa mlimani: "Kingerikiti, kwa marehemu Kapinga." Kwetu nyumba haina namba. Nyumba ina aliyeijenga, hata awe kaburini miaka thelathini. Nikaongeza kwa uchungu, "Na uniandike vizuri, hapa kwenu mimi ni maiti."

Hakucheka. Aliondoka, akarudi na karatasi ya lile faili.

"Mama, humu hakuna mistari ya jedwali. Mkato, hii koma, ndio ukuta kati ya jina na mahali, mahali na hali."

"Kama tuta la ngoro?"

"Ngoro ndiyo nini?"

Nikamweleza: mashimo yetu ya kulimia mlimani, kila shimo limezungukwa na matuta yake. Akapiga makofi. "Hivyo hivyo! Sasa maneno yako yana mkato katikati. Kompyuta ikaona tuta pasipo na tuta. 'Kingerikiti' likabaki shimo la mahali. 'Kwa marehemu Kapinga' likaangukia shimo la hali. Neno 'hai' likasukumwa shimo la dawa."

"Na dawa yangu?"

"Ilimwagika nje."

Gaudensi naye akawa ameiagiza kompyuta kila mwenye 'marehemu' kwenye hali apelekwe kwa wafu. Hakuangalia majina. Hakuuliza.

"Ilitakiwa nini?" nikauliza.

"Maneno ya mtu yafungwe kwa alama za nukuu, mwanzo na mwisho. Mkato wa ndani hauwi ukuta tena. Na kama ndani kuna alama ya nukuu, inaandikwa mara mbili."

"Kazi ya siku ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Kutia tiki kwenye kiboksi kimoja, mama, kabla ya kutoa faili."

Kiboksi kimoja! Ndugu zangu, nawaambia, mkono huu haukuniuma kama neno hilo.

Gaudensi alipoitwa akasema, "Basi tufute mikato yote. Na mama awe anasema Kingerikiti tu, inatosha." Nikamwambia, mzee Kapinga alichimba msingi wa nyumba ile kwa mikono yake, hafutwi kwa uvivu wako. Editha akamaliza: "Maneno ya mgonjwa hayakatwi. Yanafungwa." Akalitoa jedwali upya kutoka mfumo wa zamani, lote.

Tulikuwa watano tuliokaa kwa marehemu fulani. Wanne tulirudi kwa walio hai. Wa tano ni mzee Konstantini, mvuvi. Naye alinyimwa vidonge, akaangukia ziwani akiwa peke yake mtumbwini. Yeye hakurekebishwa. Faili la Gaudensi lilikuwa limeshakuwa kweli.

Namshukuru Editha. Namshukuru mkwe wangu aliyenitoa motoni, na mtendaji, na ninyi mlionilimia shamba mkono ukiwa kwenye bandeji. Nanyi shikeni hili: msiondoke dirishani mpaka msomewe mstari wenu wote, jina mpaka dawa.

Gaudensi bado yupo pale dirishani. Mwezi uliopita nikamwambia, nisomee. Akaanza na jina langu, akaendelea.

"Kingerikiti, kwa marehemu Kapinga. Hai."

"Rudia."

"Hai, mama. Na dawa yako hii hapa."

Ndipo nikanyoosha mkono kupokea pakiti. Huu wa kushoto.