Marehemu Fortunatus na Rupia ya Lusiana

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyekuja kumsindikiza, Fortunatus Emmanuel Nangumbi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 kijijini Nkowe, wilayani Ruangwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Emmanuel na Mama Dionisia, wakulima wa korosho, akasoma shule ya msingi hapo hapo Nkowe kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na walimu walimkumbuka zaidi kwa ubishi kuliko kwa hesabu.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika ghala la korosho hapa Nachingwea, kazi yake ikiwa kupanga madaraja, akichota korosho guniani, akizipasua kwa kisu na kutazama kiini, na akishasema daraja la kwanza, amesema, hakuna mkulima wala mnunuzi aliyeweza kumgeuza, hadi alipostaafu mwaka 2012.

Tarehe 24 Novemba 1979 alifunga ndoa kanisani Nachingwea na Lusiana, aliyeuvumilia ubishi huo kwa kucheka, wakajaliwa watoto wawili, Prisila na Teofili, na wajukuu watano.

Mwaka 2016 Lusiana, akipalilia ufuta shambani kwao Nambilanje, aliokota rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani. Faridi, mnunuzi wa sarafu za kale kutoka Dar es Salaam, aliwasaidia kuipeleka ng'ambo kwa wapimaji wa ubora wa sarafu, ikarudi imefungiwa ndani ya kikasha kigumu cha plastiki kilichoandikwa daraja lake, kisha akashauri ipelekwe kwa kampuni nyingine, inayowakagua wapimaji wenyewe, ambayo ikiridhika hubandika stika ndogo ya kijani juu ya kikasha. Majirani walicheka, wakauliza huyo mkaguzi naye anakaguliwa na nani, lakini marehemu hakuona kichekesho, kwani kwake daraja lililotazamwa na jicho moja tu lilikuwa uvumi, na stika ilipokuja mwaka 2019 kila mgeni alionyeshwa, stika kwanza, sarafu baadaye.

Mwaka 2022 presha ya macho ilimpofusha Lusiana, na siku moja akaomba aishike rupia yake, akakigeuzageuza kikasha, akakipapasa pande zote, akasema, "Hii ni plastiki. Rupia yangu iko wapi?" Marehemu aliumia sana, akachukua kisu chake cha ghalani, akakipasua kikasha, daraja na stika vikaharibika pamoja, akamwekea mkewe sarafu kiganjani. Faridi alipopiga simu kulalamika kwamba sasa hakuna mnunuzi atakayeiamini, marehemu alimjibu, "Stika ilisema kweli, mwanangu, ila ilikuwa inasema na watu wa mbali." Hakujuta hata kidogo.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Agosti 2024, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa hospitalini, mkono wake ukiwa mikononi mwa Lusiana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi matangani, wenzake wa ghalani waliobeba jeneza, na watani zetu, ambao hawakutuacha tulie kwa raha. Asubuhi hii mtani Dastani amebandika juu ya jeneza stika aliyoibandua kwenye tufaa la dukani, akatangaza kwamba marehemu amekaguliwa, ni daraja la kwanza, na hatazikwa mpaka tumkomboe, tukacheka wote tukiwa na machozi. Tukiwa bado tunatafuta kuku wa kumpa, Lusiana aliletwa kumuaga mumewe, akapitisha kiganja juu ya mbao taratibu, vidole vikaifikia ile stika, akaibandua, akamrudishia Dastani mkononi, akasema, "Huyu namjua."

Pumzika kwa amani, Fortunatus, aliye karibu amekwisha kusema.