Kioo cha Meza ya Baba

Benchi la kahawa la Shaaban, hapa Miyuji, ni jipya. Kaka yangu Zablon alilipigilia mwezi uliopita kwa mbao za meza ya marehemu baba. Kijiwe kinamwita kaka Spika, kwa sababu yeye ndiye huamua nani aseme. Jioni moja dada yetu Devota, mwalimu wa fizikia, alikuja na kitu kizito amekifunga kwenye khanga. Alipokifungua, Spika alijimwagia kahawa mapajani asisikie moto.

— Devota! Hiki si kioo cha meza ya baba?

— Ndicho. Mliniruhusu.

— Tulikuruhusu kioo cha baba. Cha kunyolea!

— Niliomba kioo. Hamkuuliza kipi.

Nilikitambua kwa ukijani wa ukingo wake. Baba alihama nacho kutoka Kongwa, bapa, kinene kama kidole. Sasa kilikuwa duara, kimebonyea kama sahani.

— Umekipiga na nini, mwalimu? Shaaban akauliza.

— Sijakipiga. Nimekikata, nikakilaza juu ya udongo wenye mbonyeo ndani ya tanuri. Kilipopata moto kikalegea, kikazama chenyewe. Bado kukisugua na kukipaka fedha, kiwe kioo cha darubini. Wanafunzi wataona milima ya mwezi.

Ibrahimu, fundi madishi tunayemwita Satelaiti, akashika kichwa.

— Jamani, hicho kinakusanya jua! Kikielekea kwa jirani, nyumba inateketea.

— Si kitatumika usiku? akasema Shaaban.

— Ndiyo balaa lenyewe! Kitakusanya mwezi. Mtaa mzima hatutalala.

— Nyamazeni! Spika akafoka. Milima iko Kondoa kwa akina Shaaban, si wakapande huko? Huyu ameyeyusha urithi!

Hapo akafika shangazi Tabu, ametoka stendi na begi lake. Tukasimama.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Kelele za nini?

Tukamweleza. Alikigusa kile kioo kidogo tu.

— Na zile picha zilizokuwa chini yake? Nimefuata ya mama yenu. Hakuwahi kupigwa nyingine.

— Nilizitia kwenye droo ya meza, Devota akasema. Nikaisukuma mpaka ikabana.

Sote tukamgeukia Spika.

— Droo iligoma kufunguka, alisema polepole. Nikajua ni tupu. Nilimpa Shaaban, iwe kuni.

Shaaban aliacha kupepea jiko.

— Shaaban, shangazi akamwita. Iko wapi, baba?

Shaaban aliinua birika kutoka kwenye moto, akatuonyesha moto uliokuwa chini yake.