Ujumbe wa Wiki ya Thelathini na Nne

Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu, itikieni kwa nguvu, maana leo sitaki amina ya kusinzia.

Mnanijua, nafanya kazi kiwanda cha karatasi hapa Mgololo. Mke wangu Sekela, Mnyakyusa wa Mbeya, alipopata ujauzito wetu wa kwanza, nesi wa kliniki alituambia tujisajili kwenye huduma ya meseji za afya. Simu nyumbani ni moja tu, yangu. Ikaniuliza: wewe ni mama mjamzito, au mwenza wake? Mimi kwa haraka zangu nikabonyeza moja bila kusoma. Nikawa mama!

Basi kila Jumatatu meseji inaingia: hongera mama, mimba yako ina wiki kadhaa, fanya hivi, kula vile. Wenzangu kiwandani wakaziona. Lo! Nilichekwa, ndugu zangu. Lukasi, mwenzangu wa zamu, akawa ananiuliza kila asubuhi kama nimetapika. Nikaona aibu, nikaanza kuzifuta kabla hata sijamsomea mke wangu. Habari za tumbo lake, mimi nazitupa! Kiburi hicho nusura kinifanye nizike watu wawili.

Sekela akaanza kuvimba uso na mikono. Mimi nikafurahi! Nikajisifu kwa majirani kwamba mke wangu amenawiri, ugali wangu unaonekana. Kichwa kikimuuma, namwambia alale tu.

Jumatatu moja, wakati wa chai, Lukasi akaninyang'anya simu, akapanda kwenye benchi, akasoma kwa sauti ili watu wacheke: "Mama, mimba yako ina wiki thelathini na nne. Je, uso umevimba? Kichwa kinauma sana? Huoni vizuri? Usisubiri kesho. Nenda kituo cha afya sasa hivi."

Watu wakacheka. Mimi nikaweka kikombe chini nikainuka, maana asubuhi ile ile Sekela alikuwa ameniambia anaona ukungu. Lukasi akaniangalia usoni, kicheko kikamkauka. "Panda pikipiki, twende."

Tulimkuta jikoni, amekaa chini, ameshika kichwa. Tukampakia katikati yetu. Kituo cha afya wakampima presha, wakaita ambulansi papo hapo, ikatukimbiza mpaka hospitali ya Mafinga. Daktari akasema kifafa cha mimba kilikuwa kinamnyemelea. Wakampasua. Mimi nikapiga magoti pale kwenye korido, mbele za watu, nikatubu kwa sauti. Haleluya! Mtoto wa kike akalia. Baadaye mama yake naye akafumbua macho, akaniita kwa jina langu. Sijawahi kulisikia likiwa tamu vile!

Ndugu zangu, Mungu aliyemjua mke wangu kuliko mimi alituma neno kwa wakati wake, akalipitisha kwenye mdomo wa mtu aliyetaka kunicheka. Mwaminini huyo! Na nyie wanaume wenzangu, mkipata neno la wake zenu, wasomeeni. Ukimwona amevimba usijisifu, mpeleke.

Sekela, mke wangu, simama na mtoto, kanisa likuone!