Wimbo wa Mikono Minne wa Mzee Dishon Oduor wa Chaani

Sogeeni karibu, ndugu na majirani, mlio nje ya hema ingieni hata kama ni kukaa mkekani, simu zizimwe, na kina mama wa jikoni ziacheni sufuria kidogo, tumsikilize mzee wetu kwa utulivu.

Mzee Dishon Oduor alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 huko Yala, akasoma shule ya misheni kuanzia 1961 hadi darasa la saba mwaka 1967, na huko ndiko alikojifunza kinanda, kwa kuwa padri alihitaji mtu wa kukanyaga pampu, naye akakanyaga mpaka vidole vikaionea wivu miguu.

Alifika Mombasa Januari 1971, akapokewa hapa Chaani na mjomba wake, akabeba magunia bandarini, kisha mwaka 1976 akaajiriwa kuosha vyombo katika hoteli moja ya Shanzu, na siku mpiga piano aliposhindwa kufika, meneja akauliza jikoni kama kuna anayejua, Dishon akajibu, "Naam bwana, ila mikono ina sabuni," na hakurudi tena kwenye sinki.

Tarehe 12 Aprili 1980 alimuoa Josephine katika kanisa letu hapa Changamwe, wakajaaliwa Clifford mwaka 1981 na Carolyne mwaka 1985.

Mwaka 1996 hoteli ilinunua piano yenye tundu la diski, zile bapa za plastiki, na diski hizo hazikuweka sauti, ziliweka vidole, kipi kimebonyeza wapi, kwa nguvu gani, kimeinuka lini, kisha piano ikayarudia yote yenyewe, kiti kikiwa kitupu. Katika diski moja ya hizo, Jumapili tarehe 14 Desemba 1997, mzee alipiga na Clifford wimbo alioutunga mwenyewe, baba upande wa sauti nzito, mwana upande wa sauti nyembamba. Clifford alitutoka kwa malaria tarehe 19 Julai 2003, hoteli ikafungwa 2009, piano ikauzwa, na mzee akaja nyumbani na diski arubaini na moja katika kopo la biskuti, asiwe na pa kuzipigia.

Kiharusi kilimpata tarehe 6 Machi 2023, kikauchukua mkono wa kulia, na tangu hapo haja yake ikawa moja, "Mama Clifford, nisife sijamsikia mtoto." Januari 2025 kanisa lilipata piano mpya inayojipiga, lakini hiyo hutaka flashi, diski haiijui, basi Carolyne akazipeleka kwa Sharif, fundi wa kompyuta wa Ziwa la Ng'ombe, azihamishie kwenye flashi, naye akazikuta zimeota kuvu, akazisafisha moja moja kwa pamba, akaokoa kumi na tisa.

Siku ya kusikiliza, wimbo ulipigwa ukanyooka, watu wakashangilia, mzee akageuza uso.

"Huyu simjui. Clifford huchelewa pale panapopanda."

"Wallahi mzee," Sharif akasema, "niliona vidole vinachechemea, nikavinyoosha, nikidhani ni kosa la diski."

"Ni kosa la mwanangu. Mrudishie."

Nakala ilikuwa hiyo moja tu iliyokwisha kunyooshwa, ikabidi kuirudia diski yenyewe, nayo ikakataa siku nne, ya tano ikasomeka mara moja, haikusomeka tena.

Jumapili tarehe 2 Novemba 2025 Josephine aliuchukua mkono wa kushoto wa mumewe akauweka juu ya vitufe vya upande wa Clifford, vikashuka vyenyewe chini ya vidole vyake, na pale panapopanda kimoja kikachelewa. Mzee akasema, "Ndiye," akacheka, kicheko ambacho Josephine hakuwa amekisikia tangu mwaka wa msiba.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, nyumbani, Josephine akimmenyea chungwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa hotelini, majirani wote, na Bi Mwanasaumu aliyemletea uji hata siku yeye mwenyewe amefunga, na Sharif, ambaye leo amefika wa kwanza kupanga viti.

Pumzika kwa amani, Baba Clifford, umechoka vya kutosha. Aliyoyagawa mwenyewe ni haya: koti jeupe la kazini ni la Maxwell mjukuu wake, diski zote ni za Carolyne, na wimbo ule ni wa Josephine, usipigwe kanisani wala popote mpaka yeye aombwe, na asiyetaka kuusikia ukichelewa asiuombe.