Bi Bimdogo binti Marijani, Mwenye Maboga ya Majina

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa idhini ya wakubwa, wanaume mlioko uani na wanawake mlioko ukumbini, shikamooni. Familia imemtuma Rehana, binti wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake, na mwenyewe ameomba asome yeye, kwa kuwa limo jambo ambalo hapana mwengine awezaye kulisema.

Marehemu Bi Bimdogo binti Marijani alizaliwa Tabora tarehe 12 Machi 1951, kitinda mimba wa watoto saba, akaanza chuoni kwa Kurani, kisha skuli hadi darasa la nane mwaka 1966, na tarehe 3 Februari 1974 akafika hapa Ibra, Omani, na kaka yake, Kiarabu hakijui ila cha kusalia, mkobani ana mbegu za maboga alizofungiwa na mama yake. Tangu 1977 hadi 2006 alikuwa mpishi katika skuli ya wasichana, na wengi mlioketi leo mmekula mkono wake, hata wale mliokuwa mkijidai hamli mboga.

Aliolewa na Bwana Mahrous tarehe 20 Mei 1976, wakajaaliwa Shamsi, Rehana na Khattab, wakaishi shambani pamoja hadi Bwana Mahrous alipotangulia mwaka 2011.

Huko shambani alianzisha ada yake: mwisho wa Julai hupanda maboga chini ya mitende, yakiwa machanga huchora kwa msumari jina la kila mtoto, mkwe na mjukuu, kovu likakua pamoja na boga, na joto likivunjika, mwezi wa Novemba, huyapanga kwenye vidato vya ngazi ya mlangoni, juu ya makuti mabichi na vishada vya mrehani, kila mtu aje atafute jina lake, abebe lake jikoni, apikiwe kwa tui. Wapita njia walidhani anauza, wakisimamisha gari kuuliza bei, naye akiwajibu kuwa watoto hawauzwi.

Mwaka 2018 Khattab alioa bila ya kumshauri mama yake, wakagombana, akahamia mji wa Sur, lakini mwaka uliofuata mama alilichora jina lake kabla ya majina yote, akamtumia salamu kuwa aje kwenye vidato, akiliona jina lake ndiyo radhi ameipata, asiulize zaidi. Aliyepanga mwaka ule ni Rehana, na boga la Khattab lilikuwa limedonolewa na ndege karibu na jina, akaligeuza likaelekea ukutani ili mlango upendeze, mawazo yake yote yako kwenye pambo. Ijumaa ya tarehe 8 Novemba 2019, wanaume wako msikitini na wanawake wako jikoni, Khattab alikuja, na jirani yetu Hamood, aliyekuwa amechelewa sala, alimwona akiinama kidato baada ya kidato, akisoma majina, kisha akarudi garini akaondoka.

Hamood alimwambia Rehana siku ile ile, naye akaona haya, haya ikageuka woga, akasema atampigia nduguye kesho, na kesho ile ikawa miaka sita. Mama aliendelea kulichora jina la Khattab kila mwaka, na boga lake halikupikwa, lilikaa kidatoni mpaka likaoza, akalizika shambani kwa mikono yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa hospitali ya Nizwa tarehe 14 Septemba 2025, na Alhamisi ya tarehe 2 Oktoba, saa nne asubuhi, alifariki, baada ya kumuuliza Rehana ni kosa gani alilomkosea mwanawe hata akaikataa radhi yake, na Rehana akalia tu. Khattab alifika tumeshazika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa, majirani, wapishi wenzake wa skuli, na Rahila wa Tanga, aliyemwogesha na kumlisha miaka mitatu kama mama yake mzazi.

Khattab, uliyeketi uani, jina lako lilikuwepo, dada yako ndiye aliyeligeuza na ndiye aliyenyamaza, maji yaliyomwagika hayazoleki, anakuomba msamaha mbele ya watu, na ukimnyima hatakulaumu.

Nawe mama, mwanao hakuikataa radhi yako. Alikuja kuitafuta. Pumzika kwa amani.